Kuchagua Zawadi za Krismasi Katika Soko la Kashikishi



Kila mwaka, Desemba inapokaribia, habari hutufikia kutoka Kitwe, Ndola na Lusaka: "Nakuja nyumbani. Nilete nini?" Mabasi yakifika Nchelenge huwa yamejaa ndoo za plastiki, saa za ukutani, maua ya bandia na wanasesere waliotengenezwa nchi za mbali. Januari mabasi yale yale hurudi kusini, na abiria wake hawachukui kitu cha kwao cha kumwonyesha jirani huko mjini. Jambo hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Nataka kueleza namna ya kununua zawadi zilizotengenezwa kwa mikono hapa kwetu kando ya ziwa Mweru: zapatikana wapi, nzuri hujulikanaje na mbovu hujulikanaje, bei hupatanwaje, na kwa nini kununua katika mwezi huo hasa kuna maana kubwa.

Mwezi wa nyavu kuanikwa

Kwanza yafaa msomaji aliye mbali ajue hali ya mahali petu. Ziwa Mweru lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 5,000. Upande mmoja ni Zambia na upande wa pili ni Kongo. Mto Luapula huingia kutoka kusini, na mto Luvua hutoka kaskazini penye mji wa Pweto, ukaenda kuungana na Lualaba. Watu wengi wa pwani hii ni wavuvi, au hununua samaki na kuwauza, au hushona nyavu, au huchonga mitumbwi. Kwa hiyo fedha karibu zote za Nchelenge hutoka majini.

Walakini kwa sheria ya Zambia uvuvi wetu hufungwa tangu tarehe 1 Desemba hata mwisho wa Februari. Sababu yake ni ya busara. Mvua zikianza, samaki wengi huzaa, na anayevua wakati huo hula mbegu. Wazee wetu wamwelezea samaki aitwaye mpumbu, ambaye zamani alikuwa akipanda mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kuzaa. Watu walimtegea njiani wakati huo huo wa kuzaa, na katikati ya karne ya 20 alipungua vibaya sana. Hakuwa tena samaki wa kumtegemea kama alivyokuwa. Basi hatuwezi kuilaumu sheria.

Lakini tazameni kalenda. Nyavu huanikwa Desemba 1. Krismasi ni Desemba 25. Shule hufunguliwa Januari, nayo hutaka viatu, sare, madaftari na nauli. Mashambani nako mahindi na njugu bado hazijakomaa, na mvua huzuia kukausha muhogo vizuri. Hivyo miezi ambayo fedha hutakiwa mno ndiyo miezi ambayo fedha hazipo. Katika nyumba nyingi mtu anayeleta fedha wakati huo si mvuvi tena, bali ni bibi anayesuka mikeka, au mama anayefinyanga vyungu, au babu anayechonga vinu. Mkeka ulionunuliwa Julai ni mkeka tu. Mkeka ulionunuliwa Desemba huwa unga wa nyumba ile, tena huwa daftari la mtoto.

Zawadi zapatikana wapi

Katika miji mikubwa, kama Lusaka na Livingstone, kuna masoko ya wageni ambako kazi za mikono zimepangwa mezani mahali pamoja, kila kitu kimesuguliwa kiking'aa. Sisi soko letu ni Kashikishi, jirani kabisa na Nchelenge, mahali ambapo mitumbwi huteremsha mizigo. Kazi za mikono huko hazina meza yake peke yake. Hapana budi uzitafute: mkeka umesimamishwa nyuma ya magunia ya muhogo, nyungo zimetundikwa mlangoni pa duka la sabuni, vyungu vimepangwa chini mwishoni mwa safu.

Mahali pa pili ni kando ya njia kuu itokayo Mansa, ipitayo Mwansabombwe na Mbereshi hata kufika kwetu. Wachongaji huweka vinu na viti nje ya nyumba zao. Faida ya kununua hapo ni kwamba wamwona mtengenezaji mwenyewe, tena mara nyingine wakuta kazi haijamalizika, nawe waweza kutazama ilivyotengenezwa ndani.

Mahali pa tatu ni mikutano mikubwa. Mwishoni mwa Julai, huko Mwansabombwe, Walunda wa Mwata Kazembe hufanya sherehe ya Umutomboko, na watu huja kutoka pande zote. Palipo watu wengi wauzaji hufuata. Aliye na likizo wakati huo aweza kununua mapema zawadi zake za Krismasi.

Biashara ya pwani hii si jambo jipya. Mreno Lacerda alifika kwa Kazembe mwaka 1798 akitafuta njia ya kuvuka bara, akafia huko. Livingstone aliliona ziwa letu mwezi wa Novemba 1867, na kwa Kazembe aliwakuta wafanya biashara waliotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Shaba ya Katanga, chumvi, pembe, nguo na shanga vilipita hapa. Kiswahili nacho kilipita na mizigo hiyo, na hata leo chatufaa. Muuzaji aliyevuka kutoka Kilwa ya Kongo au Pweto huenda asijue Kibemba sana, lakini ukimwuliza bei kwa Kiswahili mtaelewana upesi.

Mikeka na nyungo

Sasa nitaeleza kila kitu na dalili zake. Naanza na mkeka wa matete, uitwao kwetu ubutanda. Matete hukatwa penye maji, huanikwa hata yakauke, kisha hupangwa na kufungwa kwa kamba moja moja. Ukitaka kuununua, ufungue wote; usikubali kuuona ukiwa umekunjwa. Tazama mambo manne.

Jambo la kwanza ni rangi na uzito. Tete lililokauka ni jepesi na rangi yake ni ya manjano. Likiwa zito na lina ukijani, halijakauka. Mkeka huo ukifika Lusaka utanywea, na mapengo yataonekana kati ya tete na tete. La pili, unuse. Harufu ya uvundo ni dalili ya ukungu, na wakati wa mvua jambo hilo ni la kawaida. La tatu, hesabu mistari ya kamba. Mistari ikiwa mbali mbali mno, tete huvunjika mtu akiketi. La nne, tazama pembeni kama kamba zimefungwa fundo moja moja, au zimeachwa zikaning'inia. Fundo likifunguka, mkeka mzima hufunguka kama fulana ya kufuma.

Ungo, yaani ulupe, ndiyo zawadi bora kwa mwanamke aliyeko mjini ambaye bado hupepeta mchele au njugu. Uinue juu kuelekea jua. Nuru ipite sawasawa kila mahali. Kisha shika ukingo kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha mkono wa pili sukuma katikati polepole. Ungo mzuri hulia kidogo ukarudi mahali pake. Ungo mbovu hubonyea ukabaki hivyo. Mwisho pitisha kidole ukingoni pote. Hapo ndipo fundi mvivu huficha ncha zisizokatwa vizuri, nazo huchoma vidole.

Vyungu

Vyungu vyetu havifinyangwi kwa gurudumu. Mama huchukua udongo, akautwanga na kuulainisha kwa maji, akaviringisha kamba nene za udongo na kuzipandisha moja juu ya nyingine, kisha akalainisha ukuta wake kwa gunzi au jiwe. Chungu hukauka kivulini kwa siku kadha, ndipo kichomwe kwa moto wa kuni na magome uwanjani. Moto huo haupigi sawasawa, kwa hiyo mabaka meusi ubavuni si kasoro. Wanunuzi wengi huvikataa vyungu vyenye mabaka, nao hukosa bila sababu.

Kasoro yenyewe hujulikana kwa sikio. Kiinue chungu kwa mkono uliofunguka, ukigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele, ni kizima na kimeiva. Kikitoa sauti nzito iliyokufa, kina ufa usioonekana, au hakikuiva. Ukiwa na shaka omba maji ukijaze. Unyevu mdogo unaojitokeza nje pole pole ni jambo jema, bali maji yanayotiririka mahali pamoja ni ufa.

Kwa nini unyevu ni jambo jema? Mtungi wa maji, yaani umutondo, una matundu madogo yasiyoonekana kwa macho. Maji hupenya kidogo kidogo hata nje, huko yakageuka mvuke, na katika kugeuka kwake huchukua joto la maji yaliyobaki ndani. Ndiyo sababu maji ya mtungini ni baridi hata mahali pasipo umeme. Kwa hiyo usinunue mtungi uliopakwa rangi ya mafuta au vanishi nje. Waweza kupendeza sebuleni, lakini matundu yamezibwa, na kazi yake imekwisha.

Kazi za miti

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Tuna vinu (ibende) na michi yake, viti vya miguu mitatu, ngoma, miko, makafi, na mitumbwi midogo ya kuchezea. Adui wa kazi hizi zote ni maji yaliyomo ndani ya mti. Mti uliokatwa juzi umejaa maji. Ukikauka hunywea, nao haunywei sawasawa: nje hutangulia, ndani huchelewa, basi hupasuka. Desemba ni mwezi wa mvua, na mti haukauki upesi. Mchongaji mwenye shida ya fedha hawezi kungoja. Kiti kilichochongwa wiki iliyopita huuzwa leo, na mwezi wa pili kimepasuka mjini.

Basi ujaribu hivi. Pima uzito kwa mikono; vitu viwili vya ukubwa mmoja na mti mmoja, kilicho chepesi ndicho kikavu. Kiguse kwa shavu. Mti mbichi ni baridi. Kigeuze utazame chini, maana chini hakuna rangi wala mapambo ya kuficha, na ufa huanzia hapo. Tazama tena kama kuna vitundu vidogo mfano wa vya sindano na unga mweupe unaomwagika. Hao ni wadudu, nao wataingia katika meza na kabati za nyumba utakayoipelekea.

Mti mzuri kwa viti na ngoma ni mulombwa, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita mninga. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu, na ukikauka hautembei sana, yaani haujipindi. Jihadhari na sanamu nyeusi sana ambazo muuzaji asema ni mpingo. Chukua kitambaa cheupe chenye maji, ukisugue mahali pa siri. Weusi ukitoka, ni dawa ya viatu.

Ikiwa umependa kazi ambayo ni mbichi kidogo, si lazima uiache. Ifunge kwa magazeti mengi, uiweke kivulini, mbali na jua na moto, uifungue baada ya majuma kadha. Ikikauka polepole haipasuki upesi.

Mawe ya kijani kutoka Katanga

Wauzaji waliotoka Kongo huleta mayai, visanduku, shanga na wanyama wadogo wa jiwe la kijani liitwalo malakaiti. Jiwe hili ni ndugu wa shaba. Hupatikana palipo na shaba, na Katanga ina shaba nyingi mno. La kweli ni zito, ni baridi mkononi, na mistari yake ya kijani kilichokoza na kijani chepesi haifanani mahali pawili. La bandia ni jepesi na hupata joto la mkono mara moja, na mistari yake hurudia namna ile ile. Ni jiwe laini, hukwaruzika, basi usilifunge pamoja na funguo. Tena usilioshe kwa limau wala siki, maana asidi hulila. Na kama wapenda uchongaji, usilikate wala kulisugua likiwa kavu bila kujifunga pua na mdomo. Vumbi lake lina shaba, nalo ni sumu.

Vitu vya kukataa

Usinunue pembe ya ndovu, hata ikiwa ni pete ndogo au kipini cha kisu. Mwaka 1989 mataifa yaliyo katika mapatano ya CITES yalikubaliana kuzuia biashara ya pembe kati ya nchi na nchi, na katika Zambia kuwa nayo bila kibali ni kosa. Kadhalika ngozi za chatu na mamba zisizo na karatasi. Mti wa mukula nao ulikatwa mno katika miaka iliyopita ili magogo yapelekwe ng'ambo, na mwaka 2019 uliwekwa chini ya mapatano hayo hayo. Mtu akikwambia kwa sauti ya chini, "Nina kitu kizuri nyumbani, njoo," mshukuru uende zako. Usinunue wala kupokea samaki wabichi waliovuliwa kwa siri wakati wa kufungwa. Zawadi ya namna hiyo huiba zawadi ya mwaka ujao.

Namna ya kupatana bei

Mnunuzi mwenye adabu huanza kwa salamu, si kwa bei. Kwetu mtu mzima huambiwa "ninyi," haambiwi "wewe," na mwanamke wa umri wa mama yako ni Mayo, hata kama humjui. Mazungumzo huwa hivi:

"Mwapoleni, Mayo."

"Eya mukwai, mwanangu. Karibu utazame."

"Mkeka huu mmeusuka wenyewe?"

"Nimeusuka mimi. Matete amenikatia mjukuu wangu."

"Umechukua siku ngapi?"

"Kukata siku moja, kuanika juma moja, kusuka siku tatu. Mvua ikinyesha huongezeka."

Maneno hayo nimeyasikia kwa mama mmoja mwenye mikeka pale Kashikishi, nami nimeyafikiri sana. Natoa hesabu ya mfano tu, si bei ya soko. Tuseme mkeka waulizwa kwacha 150, na kamba yake ilinunuliwa kwacha 30. Pato la mama ni kwacha 120. Wewe ukishindana naye mpaka akauze kwa 100, wajisifu kwamba umepunguza theluthi ya bei. Lakini bei ya kamba haikupungua. Kwake zimebaki 70. Umemwondolea kwacha 50 katika 120, yaani zaidi ya theluthi, kama 42 kwa mia ya pato lake. Na pato hilo ni la siku nne za kazi, mbali na kuingia majini penye mamba.

Sisemi usipatane. Kupatana ni sehemu ya soko, na muuzaji naye hutaja bei akijua utapunguza. Nasema ujue unapunguza nini. Desturi nzuri kuliko kukaza bei ni kununua vitu viwili au vitatu kwa mtu mmoja, kisha kuomba mbasela, yaani nyongeza. Mwenye mikeka hukupa kifagio au kikapu kidogo, nawe umefurahi, naye hakupoteza fedha za unga. Tena usimpe mzee ahadi ya kurudi kama huna nia. Desemba atakungoja.

Jambo jingine ni hesabu za fedha. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu katika kwacha, kwacha 1,000 za zamani zikawa kwacha 1. Wazee wengine bado huhesabu kwa namna ya zamani. Ukisikia "elfu mia" usikimbie. Maana yake ni kwacha 100 za leo.

Plastiki au kazi ya mikono?

Rafiki zangu darasani wameniuliza, "Kwa nini tununue kitu cha ghali kinachovunjika, na plastiki ni rahisi?" Swali hili lina haki. Ndoo ya plastiki ya kuchotea maji ni nzuri kuliko mtungi, maana ni nyepesi na ikianguka haivunjiki. Sitamshauri mtu ampelekee mama yake mtungi wa kubeba kichwani kutoka kisimani. Lakini mtungi wa kuwekea maji ya kunywa nyumbani waishinda ndoo. Kiti cha mulombwa kikavu hukaa miaka mingi, na kiti cha plastiki hupasuka kwa jua. Ungo wa plastiki haupepeti vizuri, kwa kuwa punje huteleza. Kwa hiyo shauri langu ni kutazama kazi ya kitu, kisha kuchagua. Tusinunue cha mikono kwa huruma peke yake, wala tusikidharau kwa sababu kimetoka kijijini.

Methali yasema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwetu methali hii haitimii daima. Chema chakaa kijijini kwa sababu aliyekitengeneza ni mzee na hana nauli ya kufika Kashikishi. Vijana nao wakiona kazi ya babu haina mnunuzi, hawajifunzi. Kule Mbala katika jumba la makumbusho la Moto Moto kuna vyombo vingi vya kale ambavyo Padre Jean-Jacques Corbeil alivikusanya. Vimehifadhiwa vizuri, nami nafurahi. Lakini chombo kilichomo kabatini hakimfundishi mjukuu namna ya kushika shoka.

Kumpa nani nini

Kwa mama au shangazi: ungo, au mkeka wa kuketi. Kwa nyumba mpya ya maarusi: kinu na mchi wake, au viti viwili vya mti mmoja. Kwa mzee: kiti kifupi cha kuotea moto. Kwa mwalimu au mgeni wa mbali: kitu kidogo kisichovunjika, kama mwiko uliochongwa au mfuko wa kitenge. Ukinunua mfuko, ugeuze ndani nje utazame mshono. Mshono uliorudiwa mara mbili hauachii. Kwa mtoto: gari la waya. Pindua ncha zote za waya ziingie ndani, zisimkate.

Na mwanafunzi asiye na fedha? Atengeneze. Wengi wetu tulijua kuunda magari ya waya kabla ya kujua kusoma. Waya, vifuniko vya chupa na jioni mbili zatosha. Mdogo wako hatakuuliza bei.

Kuhusu safari: chungu kijazwe nguo au nyasi kavu ndani, kizungushiwe mkeka nje, nacho kiwekwe miguuni pako, si juu ya basi. Mkeka ukunjwe mviringo, usivunjwe mara mbili.

Agizo kwa waliotutangulia

Nimeweka neno kubwa mwisho. Ninyi mlioko Copperbelt, Lusaka na kwingineko, msingoje Desemba ndipo mtafute. Agizeni Septemba au Oktoba. Wakati huo ni kiangazi: matete hukauka kwa siku chache, udongo huchomwa bila kunyeshewa, na mti uliokatwa Julai umekwisha kutoa maji mengi. Tumeni sehemu ya bei kwa simu, kwa mtu mnayemwamini, impe fundi nguvu ya kungoja kazi ikauke. Mkifika Desemba mmalizie iliyobaki. Hivyo ninyi mtapata kiti kisichopasuka, na fundi atapata fedha zake za mwisho katika mwezi ule ule ambao nyavu zimeanikwa na shule yakaribia kufunguliwa.

Wako wazee katika vijiji vya pwani hii ambao kazi yao hakuna kijana anayeishika baada yao. Agizo moja la mapema laweza kumfanya mjukuu aketi karibu na babu yake kiangazi kizima akimsaidia, maana ataona kuna fedha ndani yake. Mwaka huu na uwe mwaka wa kujaribu.